Skrubu za Shavu la Kushoto

Fundi alikuwa akiweka skrubu mdomoni. Fupi zilikaa shavu la kushoto, ndefu zilikaa la kulia, na ukimkuta kazini ukamsalimia alikujibu kwa kuinua nyusi, maana angefungua kinywa kazi ya asubuhi nzima ingemwagika sakafuni. Wateja wageni walidhani ana dharau. Mimi niliyepakana naye kwa ukuta wa plaiwudi miaka mingi, yeye na kompyuta zake upande ule, mimi na taipureta na mashine yangu ya kutoa kopi upande huu, nilijua hana dharau hata chembe. Alikuwa na woga. Sijapata kumwona mwanamume mwenye woga wa namna ile, na ilinichukua muda kuelewa anaogopa nini hasa.

Vibanda vyetu vilikuwa Thika, nyuma ya soko. Kabla ya hapo Fundi alikuwa mtu wa stima katika kiwanda cha nguo, mpaka kiwanda kikapunguza watu naye akapunguzwa. Kompyuta alifundishwa na nani, hakuwahi kusema, nami sikumchimba. Miaka hiyo ya tisini kompyuta nzima kutoka ng'ambo ilikuwa ya benki na ya wakubwa. Sisi wengine tulimwendea Fundi. Alikwenda Nairobi akarudi na kasha tupu la bati, bodi, diski na kile kifaa cha kusomea flopi, akaviunga pamoja mezani pake huku redio ya jirani ikihubiri.

Asiyejua atasema skrubu ni skrubu. Kasha lilikuja na kimfuko cha nailoni chenye skrubu zilizochanganyika, zote nyeupe, zote ndogo, na kwa macho ya kawaida zote ndugu wa tumbo moja. Fundi alizitia mdomoni akazitenga kwa ulimi. Zenye meno mapana ni za diski kubwa na za kasha lenyewe. Zenye meno laini, tena fupi, ni za kifaa cha flopi. Alisema jicho hudanganywa na mwanga, ila ulimi haujawahi kumdanganya. Nilimwambia ulimi wa mwanamume ndio unaodanganya kuliko viungo vyote, naye akacheka kwa pua, kwa sababu kinywa kilikuwa kimejaa.

Kucheka kulimtoka kwa shida. Alikuwa mtu mrefu aliyeinama, mwenye suruali iliyofungwa kwa waya badala ya mshipi, na alinuka risasi ya kuchomelea hata siku za Jumapili. Chai yake ilikuwa na sukari hadi kijiko kinasimama. Siku moja alisahau, akauma mandazi kabla ya kutema, akameza skrubu moja. Mimi nilitaka tukimbie hospitali. Yeye alikaa kitako akawaza kidogo, akaniambia imetoka shavu la kushoto, kwa hivyo ni fupi, haina neno.

Nilipojinunulia kompyuta yangu, ndipo aliponieleza anachoogopa. Kwenye kompyuta za wakati ule swichi ya kuwashia ilikuwa mbele, na stima yenyewe, ile ile ya ukutani, ilipita ndani ya kasha kwa waya mnene mweusi hadi kwenye hiyo swichi. Waya huo ulipita karibu kabisa na kifaa cha flopi. Ukikikaza kwa skrubu fupi, skrubu inaishia kwenye bati. Ukikikaza kwa ndefu, ncha inatokeza upande wa pili na kuugusa waya.

"Haiumi leo, Mama Shiru," aliniambia. "Feni inatetemesha, ncha inasugua. Leo uko sawa, kesho uko sawa. Siku moja hiyo bati yote inakuwa stima, na wewe umeikumbatia."

Nikauliza kama fyuzi haitakatika. Akasema ingekatika kama nyumba ina waya wa ardhini. Nyumba zetu za kupangisha nyingi hazikuwa nao, au ulikuwepo ukutani na hauendi popote, umewekwa ili mkaguzi auone. Baada ya maneno hayo nilipiga chapa wiki nzima nikiwa nimevaa malapa ya mpira, na wateja wakidhani miguu yangu imevimba.

Ndiyo maana hakuna kompyuta aliyoigusa kwa kiganja. Hata ile aliyoiunda jana kwa mikono yake, aliipapasa kwanza kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima homa ya mtoto. Kiganja kikipigwa na stima kinajikunja na kushika, alisema, lakini mgongo wa mkono unarushwa mbali. Alifanya hivyo kwa birika langu. Alifanya hivyo kwa geti la chuma. Kanisani kwao, kule Landless, aliitwa mbele kusoma neno, akaipapasa maikrofoni kwa mgongo wa mkono waumini wote wakimtazama, na mchungaji akadhani ni roho imemshukia.

Na mtu huyo huyo, nilipokwenda kwake Kiganjo kumpongeza mkewe kwa mtoto, nilikuta redio ya sebuleni haina mfuniko, nyaya zimesokotwa kwa meno, na kwenye soketi zimeshikiliwa kwa njiti za kiberiti. Nilisimama mlangoni nikakataa kuingia. Nilimuuliza kama hii ndiyo nyumba ya yule anayetutisha na skrubu. Akajibu kwa upole kabisa kwamba hii ni ya kumuua yeye, na zile ni za kuua watu wa wenyewe. Mkewe alikuwa kitandani na mtoto mchanga, akasikia, akageuka ukutani. Nilimkasirikia Fundi siku hiyo, na hasira hiyo sijaimaliza yote.

Kwa wateja wenye haraka alikuwa mkali. Mwenye hoteli mmoja alimletea kopo la skrubu alizofungua kwenye friji kuukuu ili kazi iende mbio, kwa sababu kimfuko cha kasha lake kilipotea njiani. Fundi alitema zake zote kiganjani, taratibu, akamwambia achukue vitu vyake akavipigilie misumari nyumbani. Mwenye hoteli alimwita mwendawazimu. Wiki iliyofuata alirudi na kimfuko kipya kutoka Nairobi, akangoja zamu yake kama wengine.

Kila jioni, kabla ya kufunga, alipanga skrubu zilizobaki kwenye sinia ya bati, mistari miwili, fupi na ndefu. Alijua kila kompyuta inakula ngapi za kila aina. Zilizobaki zikikubaliana na kazi ya siku, alikwenda nyumbani. Zisipokubaliana, alifungua makasha tena. Nilizoea kumsikia akitingisha kasha karibu na sikio, na usemi wake nikaujua kama salamu: skrubu haipotei, iko mahali inakungoja. Mwanzoni usemi huo ulinichekesha. Baadaye nilimwomba asiuseme nikiwa peke yangu kibandani.

Sasa nije kwenye jino.

Shemeji yake, mume wa dada yake, alifungua chuo cha kompyuta Ruiru, juu ya duka la mbolea, na akampa Fundi kazi ya kuunda mashine zote. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Katikati ya kazi jino likamvimbia. Shavu la kushoto lilijaa hadi jicho likafumba, na hakuweza kutia hata punje ya wali mdomoni, sembuse skrubu. Nilimwambia apumzike. Akasema shemeji ameshatangaza siku ya kufungua na wazazi wameshaambiwa. Akachukua vikombe viwili vya bati, vya namna moja, akatia fupi katika kimoja na ndefu katika kingine, akakiweka kimoja kushoto kwake na kingine kulia, kama mashavu.

Alipofika mashine ya mwisho stima ikapotea soko zima. Alibeba meza hadi mlangoni penye mwanga, akarudi kuchukua kasha, akarudi kuchukua vikombe. Mimi nilimwona akipita navyo, kimoja kila mkono, amefunga kitambaa kichwani kwa maumivu. Pickup ya shemeji ilikuwa imeshaegeshwa, dereva anapiga honi. Fundi akakaza, akafunika, wakapakia. Akaenda moja kwa moja kwa daktari wa meno, na jioni hiyo sinia haikupangwa.

Kesho yake alikuja na pamba mdomoni. Nilimsikia akizipanga upande wa pili wa plaiwudi, tik, tik, tik, kisha akizihesabu upya. Halafu akaja upande wangu. Saa za kazi hakuwa na desturi hiyo. Alisimama mbele ya meza yangu bila kuketi.

"Fupi zimebaki nyingi," alisema.

Nilifunga kibanda, tukaenda Ruiru pamoja. Shemeji alikuwa amevaa tai, darasa limejaa, na mwanzoni hakutaka kusikia habari ya kufungua mashine mbele ya wanafunzi. Nilimwambia ama amwache Fundi azifungue au mimi nisimame ngazini niwaeleze wazazi kinachotafutwa. Akawatoa wanafunzi. Fundi akafungua moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa na skrubu fupi mahali pake. Alipomaliza ya mwisho alipumua nami nikapumua. Kisha akatazama meza moja ya pembeni iliyokuwa tupu, akauliza ya hapo iko wapi.

Imeuzwa. Jana hiyo hiyo, mtu mmoja alikuja kuuliza karo, akaiona bado ina nailoni, akaipenda, akaipakia kwenye gari lake. Jina lake shemeji hakulichukua. Alikumbuka miwani, na kwamba alikuwa mtu wa heshima wa pande hizo hizo. Fundi alimsihi aweke tangazo mlangoni, awaulize wazazi, atume watu. Shemeji akauliza kama kompyuta imeharibika. Fundi akasema haijaharibika. Basi, akasema shemeji, kama haijaharibika usiniletee maneno. Nikiandika hapa kwamba kompyuta yangu inaua, nani ataniletea mtoto?

Tangu siku hiyo Fundi alianza kutafuta mashine moja katika nchi nzima ya Thika na Ruiru. Huwezi kufahamu jambo hilo lilivyomla mpaka uone mtu akiingia duka la dawa, anapita wagonjwa wote, anapapasa kompyuta ya mwenye duka kwa mgongo wa mkono na kutoka bila kununua hata dawa ya kichwa. Aliingia ofisi za mawakili. Aliingia shule. Alifukuzwa na walinzi, na mara moja alilala korokoroni kwa kudhaniwa mwizi. Kazi ikapungua, kwani nani atampa mashine mtu anayezungumza peke yake? Mwishowe akafunga kibanda. Mahali pake akaja muuza mitumba, mtu mchangamfu, na nilikuwa na huzuni kila nilipomsikia akipiga mluzi upande ule.

Kisha dunia ikampa Fundi ufunguo. Watu walianza kusema mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitapotea njia, benki zitafungwa, ndege zitaanguka. Nilimsikia hata muuza mboga akieleza hayo. Fundi akajishonea beji ya kitambaa, akapita mtaa kwa mtaa akijitolea kukagua kompyuta za watu bure kwa ajili ya mwaka elfu mbili. Milango iliyofungwa miaka yote ikafunguka. Watu waliogopa tarehe, naye akaingia kutafuta skrubu.

Alinijia kabla mwaka huo haujaingia, mchana, kibandani. Alikuwa amekonda na mvi zimemwingia zote kwa pamoja. Nilimpa kiti, akaketi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Ameipata, alisema. Iko mtaa wa Kahawa Sukari, katika nyumba yenye ua mzuri. Aliijua kabla hajaifungua, kwa vile alivyofunga nyaya zake za nyuma kwa uzi wa kushonea. Ilikuwa imefunikwa kitambaa, na imechomolewa ukutani. Mama wa nyumba alimweleza kwamba haijawashwa tangu mumewe alipofariki. Alikutwa ameketi mbele ya kompyuta hiyo, kichwa kimelala mezani. Hospitali wakasema ni moyo. Sasa binti yao yuko sekondari na anaitaka, ndiyo mama akaona heri fundi huyu wa bure aitazame kwanza.

Fundi aliitazama. Skrubu ilikuwa pale pale, ndefu, na ncha yake imeungua ikawa nyeusi. Akaitoa, akatia fupi, akafunga waya kwa utepe. Mama wa nyumba akamletea chai na mkate, akamshukuru, akamwombea baraka.

"Nilikunywa chai yote, Mama Shiru," alisema. "Nimerudi mara mbili kumwambia. Mara mbili nimekunywa chai."

Nilimhurumia, na wakati ule ule nilitaka kumpiga. Nikamuuliza katika nyumba hiyo kuna nani mwingine. Akasema kuna cucu, mama wa marehemu. Mzee mgumu, hasalimiani na mtu. Ana jiko lake nje, anajipikia mwenyewe, na hata akienda msalani anabeba sufuria yake. Fundi aliona ni mambo ya uzee tu.

Mimi nimeolewa, nimeishi na mama mkwe. Mama mkwe asiyeonja chakula cha mke wa mwanawe, tena anayelinda sufuria, ana neno lake kuhusu kifo cha mwanawe.

"Fundi," nilimwambia, "huyo cucu anaogopa sumu. Wanasema huyo mama ndiye aliua bwana yake."

Alinitazama. Miaka yote alikuwa akimwogopea mtu asiyemjua, kisha akamlilia mtu aliyekufa, na haikumjia kamwe kwamba aliye hai ndiye anayebeba mzigo wake. Alijishika mdomo kwa mikono miwili. Kisha akaniomba niende naye kesho, kwa sababu akienda peke yake atakunywa chai tena.

Asubuhi alikuja amevaa suti ya kanisani. Mkewe alikuwa amepewa funguo zote na kuelezwa mahali kila kitu kilipo. Mama wa nyumba alitufungulia mlango kwa furaha, mwanamke wa umri wangu, macho yamechoka, akamwita binti alete vikombe. Fundi alikataa kuketi. Alisema anaomba asiletewe chochote mpaka amalize.

Akasema yote. Jino, vikombe, stima iliyopotea, meza mlangoni. Alisema ni yeye aliyeikaza skrubu hiyo, na kwamba bwana wa nyumba hakufa kwa moyo. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaifungua, akaiweka skrubu mezani. Nilingoja mama yule apige kelele. Nilikuwa nimejitayarisha kumshika.

Hakupiga kelele. Alisema kwamba aliona alama nyeusi kwenye kiganja cha mumewe siku ile, akawaonyesha hospitali, wakamwambia atulie. Aliwaambia shemeji zake, wakamwambia anajua mwenyewe alichompikia. Aliyasema hayo akiitazama skrubu, wala hakumtazama Fundi. Kisha akaondoka. Tulisikia mlango wa nyuma, na sauti yake nje ikimwita cucu, akimwambia aje aone kitu.

Cucu aliingia na sufuria yake mkononi. Mama wa nyumba akamsogezea kiti, akamgeukia Fundi. "Rudia," alisema. "Hivyo hivyo ulivyosema."

Fundi akarudia, pole pole, kwa Kiswahili chake cha watu wa magharibi ya nchi. Cucu alimsikiliza akitikisa kichwa kwamba haelewi. Fundi hakujua Kikuyu zaidi ya salamu. Mama wa nyumba akanigeukia mimi.

"Mwambie na Gikuyu. Mimi hawezi kuniamini."

Nikamwambia. Nilitafuta maneno ya skrubu na waya na stima katika lugha ya mama yangu, na mengine sikuyapata, nikayasema kwa mikono. Cucu alisikiliza hadi mwisho. Aliweka sufuria chini, akaiokota ile skrubu, akaipima ncha yake kwa kidole gumba, akaipima tena. Binti alikuwa amesimama mlangoni na vikombe, anatutazama.

Mama wa nyumba alipiga magoti sakafuni mbele ya cucu ili waonane uso kwa uso, na ni hapo tu machozi yalipomtoka. Bila kuyaondoa macho yake kwa yule mzee, akaniambia, "Mwambie tena."

Nikamwambia tena.